Boksi la Chumbani kwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee mara mbili, moja ya leo na nyingine ya siku zote ninazokupigia simu nikaanza na shida zangu kabla hujaitikia marahaba. Mama anaendeleaje tangu asubuhi? Nimemsikia kwenye simu, lakini wewe na mimi tunamjua mama wa kwenye simu: anavuta pumzi kwanza, anajikaza, ndipo anasema yeye mzima wa afya. Mgongo wako je, bado unakukataza kuinama? Wifi na watoto wanarudi lini kutoka kwao? Natumaini si leo. Utaona kwa nini nasema hivyo.

Ukiuliza habari zangu, mwili hauna neno. Moyo ndio hauko mahali pake. Naandika nikiwa karakana, kwenye ile meza ya pembeni, na mwandiko umepinda kama unavyoona. Wewe ni mwalimu, umezoea kusahihisha miandiko ya watoto. Leo naomba uweke kalamu nyekundu chini, unisome tu. Na tafadhali usisome kwa sauti mbele ya mama.

Nianze na lile la asubuhi. Nilikupigia nikakwambia uzime swichi kubwa ya boksi la umeme lililo chumbani kwa mama, mashine yake ya oksijeni uichomeke kwenye umeme wa ukutani, mama umhamishie sebuleni karibu na mlango, chumba ukifunge na asiingie mtu. Ukauliza kuna nini. Nikasema ni ukaguzi wa kawaida, boksi linatakiwa litulie kidogo. Ukacheka, ukasema tangu lini boksi likahitaji mapumziko kuliko mgonjwa. Nikacheka na mimi. Kaka, hakuna ukaguzi wowote. Nilikudanganya.

Sasa ni saa saba mchana. Mbele yangu kuna boksi jingine, jipya, linachajiwa. Kioo chake kidogo kinaonyesha asilimia hamsini na nane. Likijaa, na Mzee Waya akirudi na pikipiki yetu ya matairi matatu, hili litakuja kwenu na lile litatoka. Nilitaka kukimbia kuja hivihivi, lakini ningekuja kufanya nini mikono mitupu? Umeme wa ukutani ukikatika, mama anabaki na ule mtungi mdogo wa akiba, na mtungi ule ni wa dakika arobaini tu. Kwa hiyo nimekaa hapa naangalia namba ikipanda moja moja, na ili nisirukwe na akili, naandika.

Unakumbuka jambo hili lilivyoanza, maana wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kunicheka. Baraza la jiji lilipotangaza kwamba kila mtaa ulete wazo lake la umeme safi, na kwamba mawazo yatakayopita yatapewa jengo na vifaa, ulisema jiji limekosa kazi ya kufanya. Mimi na Mzee Waya tukapeleka letu. Mji umejaa pikipiki za umeme, betri zake zikichoka zinatupwa mitaroni, na kumbe betri iliyochoka kukimbiza pikipiki bado ina nguvu ya kuwasha taa na mashine ndogo. Tukasema tuzikusanye, tuzipasue, tuchague seli zilizo nzima, tuzipange upya kwenye maboksi ya chuma, zichajiwe na sola za juu ya paa. Wapewe kwanza wagonjwa wanaotegemea mashine, halafu zahanati, halafu wengine. Jiji likakubali. Likatupa karakana hii iliyokuwa ya mabasi, likatunga na sheria kwamba anayenunua betri mpya airudishe ya zamani kwetu. Mwezi ule niliringa mpaka wewe ukaacha kupokea simu zangu.

Mzee Waya unamjua kwa masimulizi yangu. Alikuwa fundi umeme wa mabasi hapahapa kwa miaka thelathini, na kila nikijuacho kwenye kazi hii kimetoka kwake. Hana makuu. Ana penseli mbili mfukoni mwa shati na masharti yasiyohesabika. Kubwa kuliko yote ni lile la kulaza seli, na hili nakuomba ulifuate vizuri, kwa sababu kila kitu kiko hapo.

Seli ni kidude cha duara, mfano wa betri ya tochi iliyonenepa. Tukiitoa kwenye betri kuukuu tunaichaji mpaka ijae, tunaipima, halafu tunailaza kwenye rafu siku saba bila kuigusa. Siku ya saba tunaipima tena. Iliyo nzima inaamka na nguvu zake zilezile. Iliyoharibika ndani inaamka imepungua, maana muda wote huo ilikuwa inajila yenyewe kimyakimya. Ya namna hiyo ukiifungia pamoja na wenzake inapata joto, joto likizidi inawaka, na ikiwaka inaziwasha na za jirani, moja baada ya nyingine. Kwa macho hutaitambua, inang'aa vilevile. Ndiyo maana Mzee Waya hana mzaha na siku saba. Ukimwambia siku sita na nusu, anakuuliza kama na mimba hukaa miezi minne na nusu.

Asilimia sitini na tatu. Taratibu mno, jamani.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika mtaani kwenu tangu asubuhi mpaka mchana. Mtungi wa akiba ukaisha. Ukambeba mama kwa mgongo wako huohuo mbovu mpaka zahanati. Nilipofika nilimkuta amelazwa, midomo imebadilika rangi, na wewe umekaa kwenye benchi la koridoni, shati limelowa. Hukunitazama. Ulisema, "Unawawashia taa watu baki mji mzima, mama yako anakata roho kwa kukosa umeme." Kesho yake ulinipigia ukaniomba radhi, nikakwambia yameisha. Hayakuisha, kaka. Neno lile nimelala nalo na kuamka nalo. Sikulaumu. Nakwambia tu ujue nilikuwa nimelibeba.

Mama alikuwa wa sita kwenye orodha ya wagonjwa. Wala sikumpenyeza, orodha aliipanga afisa mazingira wa jiji mwenyewe kwa vyeti vya hospitali. Maboksi matano yalitangulia. La sita nikalileta mbio Alhamisi ya wiki iliyopita, na unakumbuka mama alivyolipokea, akalipangusa vumbi na upande wa kanga kama mgeni aliyetoka safari. Akasema yeye siku zote alijua kiherehere changu kitamfaa mtu siku moja. Tangu nikiwa mtoto ameniita Kiherehere kwa sababu nilikuwa naamka kufanya kitu kabla sijamaliza kuambiwa. Tukacheka sote watatu. Mimi nilicheka kidogo kuliko nyinyi.

Taa imezimika hapa karakana. Nimeganda na kalamu mkononi. Nimekupigia, umesema kwenu upo, mashine inanguruma, mama anasinzia, halafu ukaniuliza kwa nini nahema. Nikasema nimepanda ngazi. Karakana haina ngazi, ila wewe hujui. Umeme umerudi baada ya dakika tatu, na namba kwenye kioo imeendelea palepale ilipokuwa. Sitaki dakika nyingine kama hizo tatu.

Naendelea. Juzi Jumanne ilifika zamu ya kreti la tisa. Kila kundi la seli tunaliweka kwenye kreti lake lenye namba, na la tisa lilitoka kwenye pikipiki zilizozama kwenye mafuriko ya mvua zile kubwa. Mzee Waya hakuzipenda tangu mwanzo, alisema betri iliyokunywa maji ya mtaro ina siri zake, lakini akazipa siku zake saba kama nyingine. Jumanne asubuhi zikawa zimetimia, akaanza kuzihesabu kabla ya kuzipima. Siku zilipoingia alizihesabu yeye, akaandika mia mbili na arobaini. Safari hii akapata mia mbili na nane. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu, anazigusa kwa kidole moja moja, midomo inacheza.

Akanitazama, akaniuliza kama kuna mtu aliyezigusa. Nikasema hapana. Akavua miwani, akaifuta, akasema basi ni yeye, uzee umeanza kumla kichwa. Cha baba yake, akaniambia, nacho kilianza hivyohivyo: alikuwa mhesabu ng'ombe hodari, siku moja akawa hawajui ni wangapi.

Hatujamaliza hilo, seli moja pale rafuni ikaanza kufoka. Kwanza sauti kama ya sufuria inayotaka kuchemka, halafu moshi mweupe. Mzee Waya hakukimbia. Aliikamata kwa koleo refu, akavuka nayo karakana nzima, akaitumbukiza kwenye pipa la mchanga pale uani. Ikawaka humohumo mchangani. Seli moja, kaka, yenye urefu wa kidole, na moto wake ulipanda mpaka kifuani kwangu. Nilisimama pale nikiuona, na nilichokuwa nakifikiria si pipa.

Alipozipima zilizobaki, zaidi ya nusu zilikuwa zimeshuka. Kreti zima likatiwa alama nyekundu. Akaandika kwenye daftari kwamba hakuna hata seli moja ya kreti la tisa iliyotoka humu ndani, akasaini. Yule mzee alisaini kwa kuniamini mimi.

Asilimia sabini na moja. Labda umeshaanza kuelewa. Kama umeelewa, endelea kusoma hivyohivyo, usiishie njiani, maana lililo baya zaidi bado.

Leo asubuhi, kabla sijaongea na wewe, niliongea na mama. Akaniambia nimshukuru sana aliyelitengeneza boksi, maana kila akiamka anaegemeza miguu upande wake wa kushoto, kuna joto zuri, kama paka aliyelala. Nikamuuliza na upande wa kulia? Akasema wa kulia baridi. Boksi zima halitakiwi kuwa na joto la kuweza kusikika miguuni, sembuse upande mmoja. Nilikaa chini sakafuni na simu sikioni, mama anaendelea kunisifia.

Ndipo nikakupigia wewe. Nikakudanganya vile nilivyokudanganya. Nilifikiria hata kuwaita zimamoto, namba nimeibonyeza, nikaifuta. Watakuja na ving'ora, mtaa utajaa, na kesho Ijumaa baraza linapiga kura kama kazi yetu iende mji mzima au ifungwe. Kuna diwani mmoja ambaye kila akisimama anasema tunawapelekea wagonjwa takataka za pikipiki. Nilimwona akilini mwangu akishangilia. Yaani nilimfikiria diwani, mama yuko ukuta mmoja tu kutoka kwenye—

Kaka, ujumbe wako umeingia. "Mama anataka mtandio wake, aliuacha juu ya boksi." Nimekujibu usiingie, vidole vikawa vinakosea herufi. Na wewe umerudisha: "Nimeshauchukua. Unanukia kama dawa ya wifi yako ya kufutia rangi ya kucha."

Nimerudi kwenye meza. Asilimia sabini na tisa. Unajua nilichokwambia kwenye simu, lakini nakiandika ili kibaki. Nimekwambia utoke na mama sasa hivi, uende kwa jirani mshonaji, mashine uichomeke kwake, mtungi uwe mkononi, mengine yote yaache, na mtu asirudi ndani hata kama ni kufunga dirisha. Harufu ile ni ya matumbo ya seli. Ina maana mojawapo imeshapasuka. Safari hii hukuuliza kuna nini. Nilisikia kiti kikiburutwa, nikasikia mama akiulizia viatu vyake, halafu ukasema, "Nimesikia," ukakata. Nimezoea unibishie. Hiyo "nimesikia" yako imenitisha kuliko harufu.

Dakika kumi na moja nimekaa na simu mkononi. Sasa umeniandikia: mmefika kwa jirani, mashine inafanya kazi, mama analalamika kwamba umemtoa bila kuchana nywele. Alhamdulillahi. Nimelia mpaka nimelowesha ukurasa huu hapa juu, usidhani ni maji.

Basi sikia sasa, nalisema lote.

Jumatano ya wiki iliyopita Mzee Waya alikuwa kwake, amelala na homa. Nilikuwa peke yangu na boksi la mama. Lilikuwa limepungukiwa seli thelathini na mbili tu. Seli zilizokwisha kulazwa siku saba zilikuwa zimeisha, na nyingine zilikuwa zitimie Jumanne. Siku sita mbele. Nikahesabu siku sita hizo kwa midomo ya mama. Nikasikia lile neno lako la koridoni. Na pale rafuni kreti la tisa limelala siku ya pili, zinang'aa kama mpya, nimezipima zimejaa zote. Nikachukua thelathini na mbili. Nikazifunga ndani ya boksi, nikaandika kwenye daftari kwamba zimetoka kreti la sita, ambalo lilishapita kipimo. Pale panapotakiwa alama ya kipimo cha pili nikaweka alama, kwa penseli ya Mzee Waya aliyoiacha mezani.

Usiseme nilisahau. Usiseme sikujua. Watu wakikuuliza usinitetee kwa hilo. Nilijua kama ninavyolijua jina lako. Nilijiambia wenye haki ya kusubiri siku saba ni watu wengine, mama yangu ana haraka, na Mungu ataangalia nia. Nikamwekea mama moto chini ya dirisha lake, akanipangusia vumbi na kunishukuru.

Na hilo nalo silo lililo baya zaidi. Hilo lilikuwa haraka, na haraka mtu anaweza kuisamehe. Tangu Jumanne asubuhi, tangu ile seli iwake ndani ya mchanga, nilijua kilichomo chumbani kwa mama. Leo ni Alhamisi. Mama amelala usiku wa Jumanne na usiku wa Jumatano hatua tatu kutoka kwenye boksi lile, na mimi nimelala kwangu nikijua. Nilikuwa nakupigia kila jioni nikiuliza kama boksi lina joto, ukanitania kwamba nalijulia hali boksi kuliko mama. Ulikuwa unapapasa juu ya mfuniko, unasema baridi kabisa. Joto lilikuwa pembeni. Nilijidanganya kwamba nangoja hili boksi jipya likamilike ili mama asikose umeme, na ni kweli nililingoja, lakini ningeweza kukwambia umtoe chumbani hata kama boksi halijawa tayari. Lingekuwa neno moja. Sikulisema kwa sababu niliogopa. Niliogopa kura ya kesho, niliogopa kufukuzwa, niliogopa kumwambia Mzee Waya kwamba kichwa chake ni kizima na mwizi ni mimi. Na zaidi ya wote, kaka, nilikuogopa wewe. Nimemwacha mama juu ya moto siku mbili kwa sababu nilikuogopa wewe.

Asilimia themanini na sita. Nasikia pikipiki getini. Ni Mzee Waya. Nilikuwa nimepanga nimpe boksi na barua hii aje peke yake, nimwambie feni ya lile la zamani inapiga kelele. Angekwenda kulishika kwa mikono mitupu. Ngoja.

Naendelea kuandika nikiwa nimekaa nyuma ya pikipiki, juu ya boksi jipya, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Nimemwambia. Nilimpa barua asome, akasema miwani yake ina vumbi, nisome mimi. Nikamsomea kuanzia pale penye Jumatano. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Thelathini na mbili?"

Nikasema ndiyo, thelathini na mbili.

"Kwa hiyo nilihesabu sawa," akasema.

Akakaa kwenye kiti chake, akaziba uso kwa mikono, na mabega yakamtikisika. Nilidhani ni hasira. Siku tatu hizi, kaka, yule mzee alikuwa anajifanyia majaribio: anaandika asubuhi alichokula, jioni anajiuliza kama anakumbuka. Kumbe karatasi zile ndizo nilizokuwa naziona mfukoni mwake, nikajifanya sizioni.

Halafu akainuka, akachukua koleo refu, glavu za ngozi na ndoo nne za mchanga, akapakia. Boksi lilikuwa asilimia themanini na tisa, akasema linatosha, twende. Nikauliza habari ya kesho. Akasema kesho atasimama na mimi mbele ya baraza, lakini maneno nitayasema mimi, yote, na daftari nitalishika mimi. Wakifunga karakana, wafunge wakijua kilichotokea. Wasipofunga, kila daftari litapitiwa na macho ya watu wawili. Kisha akasema zimamoto nawapigia mimi sasa hivi, sasa hivi, kabla hajawasha pikipiki. Nimewapigia. Wakitutangulia kufika, waache waingie.

Tumeshapita sokoni. Sioni moshi upande wenu. Naangalia kila baada ya neno. Kama mpaka unasoma hapa nyumba bado imesimama, basi Mzee Waya yuko ndani analitoa boksi, na nakuomba usimfuate, wala usimwache mtu amfuate, mpaka alifikishe uani kwenye mchanga. Kama haijasimama, utajua kabla yangu, na barua hii hutaihitaji.

Barua hii nimeamua kukupa mkononi. Mdomo wangu umekudanganya mara mbili leo, na nikisimama mbele yako utakudanganya tena, naufahamu. Mkono nao ulilidanganya daftari, lakini mchana wa leo nimeulazimisha useme kweli mwanzo mpaka mwisho. Tafadhali maliza kusoma kabla hujaniambia neno.

Msalimie jirani mshonaji, mwambie ahsante kwa umeme wake. Wifi na watoto salamu zao zisubiri mpaka nyumba iwe ya kurudiwa. Mama usimpe salamu zangu. Nataka kumpa mwenyewe, na kumwambia mwenyewe lile joto lilikuwa la nini, kama utaniruhusu nipite hapo mlangoni kwa jirani.

Ukifika mwisho wa mstari huu, kaka, inua macho. Nimesimama mbele yako.

Mdogo wako,
Kiherehere